Kabureta iliyolika: uitengeneze au ununue mpya?

Msomaji ameuliza hivi: “Fundi, nina pikipiki ya Triumph TR6 ya mwaka 1970, kabureta yake ni ya kampuni ya Amal, aina ya Concentric 930, iliyokuja nayo kutoka kiwandani. Sloo, ule mzunguko wa injini bila kuvuta mafuta, haitulii. Mara injini inapanda yenyewe na kugoma kushuka, mara inazima nikisimama. Mafuta inakula kuliko zamani, na nikifungua kifuniko cha juu nikaitikisa slaidi, kile kipande kinachopanda na kushuka kufungulia hewa, inacheza. Fundi mmoja ananiambia nitupe, ninunue mpya. Mwingine anasema ipelekwe kuchongwa na kuvishwa ganda jipya, kwamba chuma cha zamani ni bora kuliko hiki cha siku hizi. Nimsikilize nani?”

Ndugu yangu, kwa sasa usimsikilize yeyote, maana wote wawili wamekupa dawa kabla ya kupima. Slaidi inayocheza ni dalili ya kweli, hilo sikatai. Lakini katika hayo uliyonieleza kuna moja ambalo mara nyingi halitoki kwenye kabureta kabisa, nalo ni sloo inayopanda na kugoma kushuka.

Acha nikusimulie aibu yangu. Miaka ya nyuma nilikuwa na pikipiki ya silinda mbili ya Kiingereza yenye ugonjwa huohuo. Niliifungua kabureta, nikaona slaidi imelegea, nikashangilia: mwizi nimemkamata. Nikaipeleka ikachongwa, ikavishwa, ikarudi slaidi inateleza kama pistoni mpya. Nikawasha. Ikapanda, ikagoma kushuka, vilevile kama jana. Kilichokuwa kimekufa ni springi mbili ndogo za kifaa cha kuwahisha moto wa plagi, kile kinachokaa nyuma ya plateni, swichi inayokata umeme ili plagi itoe cheche. Zilikuwa zimelegea, kwa hiyo hata kwenye mzunguko wa chini vile vizito vyake, vinavyotakiwa kufunguka injini ikienda mbio tu, vilibaki vimefunguka na moto ukaendelea kuwahi. Moto ukiwahi, injini inapanda. Ikipanda, vizito vinafunguka zaidi. Springi zile zingegharimu sehemu ndogo sana ya kazi niliyolipia.

Kwa hiyo anza pale. Funga taa ya taimingi, ile inayomulika kila plagi ikitoa moto, washa injini, iache sloo, uitazame alama ya moto. Ikitulia mahali pamoja, moto ni mzima. Ikielea mbele na nyuma, au ikichelewa kurudi baada ya kuachia mafuta, tengeneza hapo kabla hujagusa bolti hata moja ya kabureta. Huna taa? Fungua kifuniko cha plateni, uzungushe kamu, ile inayozifungua plateni, kwa vidole kadiri inavyokubali, kisha uiachie. Inatakiwa irudi yenyewe kwa nguvu. Ikirudi kivivu, au ikiishia njiani, umeshapata jibu.

Jambo la pili ni hewa ya wizi. TR6 ina kabureta moja inayolisha silinda mbili kupitia manifoldi, bomba la njia mbili linaloiunganisha na injini, kwa hiyo gasketi ikivuja upande mmoja, silinda moja inapata mchanganyiko mwembamba na nyingine iko sawa. Chomoa plagi zote mbili uziweke pamoja. Moja ikiwa nyeupe na nyingine ya kahawia, usiilaumu slaidi, kwa sababu slaidi moja haiwezi kubagua silinda. Injini ikiwa sloo, puliza kidogo dawa ya kusafishia kabureta kwenye maungio ya manifoldi, uisikilize. Mungurumo ukibadilika, pale panavuja. Fanya hivyo nje, mbali na ekzosi iliyopata moto, na usimwage ovyo, kwani dawa hiyo inashika moto upesi.

Moto ukiwa sawa na maungio yakiwa makavu, sasa twende kwenye kabureta yenyewe.

Kabla ya kuuliza itengenezwe au inunuliwe, ujue kwamba kabureta ni vitu viwili vilivyofungwa pamoja. Kuna bodi, na kuna vitu vinavyolika ndani yake: sindano, jeti ya sindano (kitundu cha shaba ambamo sindano hupima mafuta), vavu ya boya, boya lenyewe, slaidi, oringi na gasketi. Hivi vya pili ni kama pedi za breki. Vilitengenezwa vikijulikana vitakwisha, na vikishakwisha unabadilisha bila kuomba ushauri wa mtu. Swali lako halihusu vitu hivyo. Linahusu bodi peke yake: je, lile tundu ambamo slaidi inapanda na kushuka bado ni la duara na bado lina kipimo chake?

Kwenye Concentric swali hili ni zito kwa sababu ya madini. Bodi ni ya aloi ya zinki, na slaidi ya asili ni ya aloi ya zinki vilevile. Madini laini yakisuguana na ndugu yake hayaheshimiani, yanakwanguana. Isitoshe, injini haivuti hewa kwa mfululizo, inavuta kwa vishindo, na kwa silinda mbili zinazovuta kupitia tundu moja vishindo ni vingi. Kila kishindo kinaivuta slaidi kuelekea upande wa injini, kikiisha slaidi inarudi. Ndiyo maana kabureta iliyolika hugongagonga kwenye sloo, mlio mkavu ambao wengi huudhania tapeti za vavu. Na ndiyo maana ulikaji hauko sawa kuzunguka tundu lote. Upande wa injini huliwa zaidi, tundu likawa yai.

Chomoa slaidi uishike karibu na dirisha, mwanga uje kwa pembeni. Uso wa mbele na wa nyuma utauona unang’aa kama umepigwa polishi, na huenda una mistari ya wima unayoweza kuihisi kwa ukucha. Pembeni bado kuna rangi ya kijivu ya kiwandani. Angalia na kile kijifereji ambamo skrubu ya sloo inakaa: mara nyingi skrubu imeshajichimbia shimo lake. Shimo hilo peke yake linatosha kuifanya sloo isirudi mahali pamoja mara mbili, kwa sababu slaidi ikilala kidogo kushoto inakaa juu ya ukingo, ikilala kulia inazama.

Sasa jaribio ambalo kwangu linazidi maneno ya mafundi wote: nunua slaidi mpya. Slaidi tu, yenye namba ileile ya mkato, yaani ukingo wake wa chini uliokatwa, kama ya zamani. Itumbukize kwenye bodi kavu, safi, isiyofungwa kwenye injini. Itikise mbele na nyuma. Kama mchezo umetoweka, au umebaki kidogo mno, basi aliyelika alikuwa slaidi na bodi yako ina maisha. Kama slaidi mpya nayo inacheza, bodi ndiyo iliyokwenda. Slaidi hiyo haitapotea bure kwa vyovyote vile, hata ukiishia kuihifadhi kama akiba.

Ukipenda namba, pima kwa maikromita slaidi mpya, kisha pima tundu la bodi mara mbili: mara moja kwa mwelekeo wa hewa, mara ya pili kwa kukata mwelekeo huo, na ufanye hivyo chini kabisa, pale slaidi inapokaa injini ikiwa sloo. Juu ya tundu kutakuhadaa, huko hakuliki sana. Mimi nikipata nafasi isiyozidi milimita 0.1 kati ya slaidi mpya na bodi, nafunga na kusahau. Kati ya 0.1 na 0.2 natazama mwenye pikipiki anataka nini. Itatembea vizuri barabarani, ila sloo itakuwa na tabia zake. Ikifika robo ya milimita, najua nikiifunga itarudi kwangu. Mipaka hiyo ni ya mezani kwangu. Hutaikuta kwenye kitabu cha kiwanda.

Kabla ya kuihukumu bodi, angalia flanji, ule uso unaofungwa kwenye manifoldi. Concentric inafungwa kwa nati mbili, kila upande moja, na katikati kuna oringi. Mtu akiona petroli inalowesha pale, anakaza. Kesho anakaza tena. Masikio ya flanji ni ya zinki, yanajikunja kuelekea manifoldi, uso unapinda, na ukipinda unalivuta tundu la slaidi nalo libanwe. Matokeo yake ni kichekesho cha uchungu: kabureta iliyolika chini inakwama juu, hasa ikipata moto. Weka rula ya chuma juu ya uso wa flanji uitazame dhidi ya mwanga. Ukiona mwanga katikati, imepinda. Kupinda kidogo kunatibika kwa kioo kinene kilichowekwa msasa wa maji: sugua bodi kwa mwendo wa namba nane, bila kulazimisha, mpaka alama zienee uso mzima. Angalia usiimalize njia ya oringi. Ikibaki na kina kidogo, oringi itashika uzito wote na masikio yatapinda upya siku ya kwanza. Ukifunga, tumia nati zisizolegea kwa mtikisiko, ukaze kwa kiasi. Oringi ndiyo inayoziba hewa. Nguvu ya spana haiongezi kitu.

Kuhusu ulaji wa mafuta, hapo sindano na jeti yake ndiyo wa kushikwa kwanza. Sindano inapigwa na upepo uleule, inasugua ukingo wa jeti, na jeti ni ya shaba ya njano, laini. Ya kwako inatakiwa kuwa na alama ya 106, maana yake tundu la inchi 0.106, takriban milimita 2.7. Tundu hilo likiongezeka hata sehemu chache za mia ya milimita, injini inazidiwa mafuta kuanzia robo hadi robo tatu ya mkono wa mafuta, na huko ndiko tunakoendesha muda mwingi. Kwa macho hutaliona. Badilisha vyote viwili kwa pamoja, sindano na jeti, bila kusubiri ushahidi. Ukinunua, taja kwamba injini ni ya viharusi vinne, kwa maana za viharusi viwili zinafanana nazo kwa umbo na zitakutesa mwezi mzima.

Boya na vavu yake sitavizungumzia sana. Litikise boya sikioni. Likiwa na petroli ndani utasikia. Ncha ya vavu ikiwa na pete iliyochorwa kuizunguka, tupa. Petroli yenye ethanoli haikupendana na maboya ya zamani, na Amal sasa wanatoa boya jeusi la aina nyingine lisilonywa mafuta. Hilo ni badiliko ambalo hata mimi, mpenda vya asili, sioni sababu ya kulikataa.

Njia ya sloo ndiyo inayostahili saa yako nzima. Kwenye Concentric nyingi za miaka ya yako, jeti ndogo ya sloo haifunguki. Ni kipande cha shaba kilichopigwa ndani kabisa ya bodi, nyuma ya skrubu ya hewa, chenye tundu la inchi 0.016, yaani milimita 0.4 hivi. Pikipiki ikilala miezi, petroli hukauka pale na kuacha utomvu. Mashine ya kusafishia kwa mitetemo husaidia lakini si kila mara. Kinachofanya kazi ni keekee ya unene huohuo, iliyobanwa kwenye kijiti, ikizungushwa kwa vidole kupitia tundu la skrubu ya hewa. Usiiwashie mashine. Wapo wanaotumia waya wa gitaa, nami nimeutumia. Kisha chomeka mrija wa dawa kwenye tundu la skrubu ya hewa, upulize, huku ukitazama ndani ya koo la kabureta. Karibu na ukingo wa slaidi kuna vitundu viwili vidogo. Vyote viwili vinatakiwa kutoa mchirizi mwembamba ulionyooka. Kimoja kikitema na kingine kikilia tu, bado. Nimeona bodi zilizohukumiwa kifo kwa “kulika” ambazo kosa lao lilikuwa kitundu kimoja kilichoziba.

Sasa tuseme umefanya yote hayo, na slaidi mpya bado inacheza robo ya milimita. Hapo mafundi wako wawili wanarudi mezani.

Kuvisha ni kazi ya heshima ikifanywa na mwenye mashine na macho. Bodi inachongwa mpaka tundu liwe duara tena, kisha slaidi inavishwa ganda la shaba au la chuma kisichoshika kutu na kuchongwa iendane na tundu jipya. Faida yake kubwa ni kwamba madini mawili tofauti sasa yanasuguana, na hayalani haraka kama ndugu kwa ndugu. Hatari yake ni fundi asiyejua kabureta. Akiuhamisha mkato wa slaidi hata nusu milimita, au akichonga tundu likaenda upande na sindano ikaacha kushuka katikati ya jeti, umelipia kupoteza kabureta uliyokuwa nayo. Muulize akuonyeshe aliyoifanya kabla. Itumbukize slaidi yake kwenye bodi kavu: inatakiwa ishuke yenyewe kwa uzito wake, taratibu, bila kukwama mahali popote, hata ukiizungusha kidogo kadiri mfereji wake unavyoruhusu.

Lakini kwa kabureta yako, mimi ningenunua mpya. Sababu yangu ni moja: 930 bado inatengenezwa Uingereza, kwa jina lilelile la Amal, inakaa kwenye stadi zilezile na inatumia waya uleule. Toleo lao la sasa lililoboreshwa lina slaidi ya alumini iliyotiwa ngozi ngumu, na jeti ya sloo inayofunguka kwa bisibisi, yaani yale makosa mawili makubwa ya Concentric ya zamani yamerekebishwa. Jumlisha slaidi, sindano, jeti, vavu, boya, gasketi, halafu uongeze malipo ya kuvisha. Utajikuta umeshaikaribia bei ya kabureta nzima, na bado masikio ya flanji ni yale yaliyochoka. Fundi anayesema chuma cha zamani ni bora, kwenye ekseli namkubalia. Hapa tunaongelea zinki, na zinki ya 1970 haikuwa na muujiza wowote. Jihadhari tu na za kuigiza zinazouzwa kwa bei ya huruma: kwa nje ni pacha, ndani matundu yanatobolewa kwa bahati.

Jibu hili lisichukuliwe kuwa sheria ya kabureta zote. Mwenye pikipiki ya kabla ya Vita Kuu ya Pili, au yenye kabureta ya mashindano ambayo mwenzake hapatikani, aivishe bila kusita. Kule bodi ndiyo mali. Mwenye pikipiki ya Kijapani ya miaka ya 70, yenye kabureta nne zilizopangwa safu moja, naye ni habari nyingine kabisa. Huyo asafishe, abadilishe raba na gasketi, na jeti zake za shaba za asili azirudishe kama hazijaharibika, maana vifurushi vingi vya matengenezo vinavyouzwa huja na jeti na sindano zisizolingana na za kiwandani. Na wapo wanaovua Amal na kuvika Mikuni, kabureta ya Kijapani. Inafanya kazi vizuri, sina ugomvi nayo, ila ujue utatafuta adapta, waya mwingine wa mafuta, pengine na kichujio kingine, na utaanza kupanga jeti kutoka sifuri kwenye injini ambayo kitabu chake hakikusaidii tena.

Ukinunua mpya, usiifunge kama ilivyotoka kwenye boksi. Fungua kitabu cha matengenezo cha mwaka wa pikipiki yako, ulinganishe namba ya jeti kubwa, ya jeti ya sindano, ya mkato wa slaidi na ngazi ya sindano, kwani 930 moja iliuzwa kwa pikipiki nyingi tofauti. Skrubu ya hewa ifunge mpaka mwisho bila kukaza, kisha ifungue mzunguko mmoja na nusu. Hapo ndipo pa kuanzia. Endesha mpaka injini ishike moto kabisa ndipo urekebishe, kidogo kidogo. Ile bodi ya zamani isafishe, ipake mafuta, uiweke kabatini pamoja na slaidi yake. Siku pikipiki ikiuzwa, mnunuzi wa vya asili ataiulizia.

Na jioni ukishamaliza kufunga, injini ikiwa sloo, geuza usukani kushoto mpaka mwisho, kisha kulia. Mungurumo ukipanda upande mmoja, iache kabureta ilivyo. Waya wa mafuta umefungwa mfupi au umepitishwa vibaya chini ya tangi, na huenda ulikuwa hivyo tangu mwanzo.